Mfedhuli na Tafadhali ni Ndugu wa Mzizi Mmoja

Mtu mwenye kinywa kichafu huitwa kwa majina mengi, huko Songwa wilayani Kishapu na hata kwenye maduara ya wachimbaji wadogo wa Geita, lakini mawili kati ya majina hayo, mtukanaji na mfedhuli, yanastahili kupimwa pamoja, kwa kuwa yametoka katika nyumba mbili tofauti na kila moja limebeba fikra yake kuhusu kosa la ulimi.

Mtukanaji ni neno la Kibantu. Mzizi wake, -tuk-, ungali hai bila nyongeza katika Kinyarwanda, ambako kutoa matusi ni gutuka, na katika Kizulu, ambako ni thuka. Kiswahili kimeubandikia kiambishi -an-, kilekile cha kutendana kinachosikika katika pigana na gombana, jambo linaloashiria kwamba hapo kale kutukana kulihesabiwa kuwa kazi ya watu wawili wanaorudishiana maneno. Msemaji wa leo ameisahau hesabu hiyo, na ndiyo sababu akitaka kuwataja wote wawili hulazimika kuongeza kiambishi kilekile mara ya pili na kusema tukanana.

Mfedhuli amekuja kwa njia ya bahari. Katika Kiarabu, fudhuli ni mtu anayejiingiza katika yasiyomhusu, na mzizi wa neno hilo unahusu ziada, yaani kile kinachobaki baada ya kipimo kutimia. Ziada hiyo ikiwa ya wema huitwa fadhila. Ikilinganishwa na nyingine huzaa afadhali. Ikiombwa kwa adabu huwa tafadhali. Waswahili wakaihamisha fedhuli kutoka kwenye udakuzi hadi kwenye kiburi na dharau ya maneno, hata leo mfedhuli halazimiki kutaja kiungo cha mwili wala mama wa mtu. Karani anayemuuliza mzee wa watu, mbele ya foleni nzima, kama kweli hajui kusoma, hajatamka neno chafu hata moja, na bado ufedhuli wake umekamilika.

Sheria humwona mtukanaji upesi zaidi. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, kinamtia hatiani anayemtolea mwenzake lugha chafu au ya matusi kwa namna inayoelekea kuvunja amani, na adhabu yake ni kifungo cha miezi 6. Mfedhuli mwenye Kiswahili fasaha aghalabu hupita katikati ya maneno hayo bila kuguswa.

Usukumani, hata hivyo, matusi yalitengewa uwanja wake. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno, huwa na waimbaji watunzi, ambao kila mmoja huitwa ningi, na kazi ya ningi ni kumchambua mpinzani kwa kejeli kali mbele ya umati ambao nao huamua mshindi kwa kukimbilia upande wake. Anayemwita ningi mtukanaji amekosea, kwa sababu aliyetukanwa uwanjani anayo ngoma yake, anao watu wake na ana zamu ya kujibu. Ile -an- ya kale ingali inafanya kazi pale.

Lipo neno moja ambalo halina zamu ya kujibu, nalo ni nogi, yaani mchawi kwa Kisukuma. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita neno hilo limewahi kutangulia panga, na waliotupiwa wengi wao ni bibi vikongwe walioshukiwa kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, ambacho bibi hao wamepikia maisha yao yote kwa kukosa kuni.