Taa zimegoma kuzimika

Shosti, gari limetoka gereji hapo Singida mjini, limefungwa beringi mpya ya gurudumu la mbele, lakini taa za ABS na VSC bado zinawaka. Baba watoto anasema, "Twende tu, breki si zinashika?" Mgomee! Safari ni ya Nzega, kuna kuteremka Sekenke, na watoto wako nyuma.

Kushika zinashika. Ila ukikanyaga ghafla magurudumu yanaweza kujifunga, gari likaserereka. Mrudieni fundi aangalie waya wa sensa, palepale alipofunga beringi: ameuchomeka? Halafu beringi nyingine zina sumaku upande mmoja, zikifungwa kinyume sensa haisomi kitu (yaani kosa dogo hivyo!). Asizizime kwa mashine tu. Na taa nyekundu ya breki ikiwaka nayo, au pedeli ikizama, pandeni basi.