Mambo ya Nyumbani: Meza ya Chai



Wako Wakristo waonao haya kumkaribisha mgeni kwa chai, kwa sababu hawana meza nzuri wala kabati la vikombe. Wengine hukopa fedha ili wanunue. Mgeni akiisha kwenda, deni hubaki. Kwa ajili yao nimeona vema kueleza habari hii ya Japani.

Hapo kale wakuu wa Japani walikuwa na rafu ndogo ya vyombo vya chai, iitwayo daisu: mbao mbili pana, moja chini na moja juu, zimeshikwa na nguzo. Asili yake ni Uchina, nayo yapendeza macho. Lakini mwalimu wa chai Sen no Rikyū, aliyeishi tangu 1522 hata 1591, alipenda chumba kidogo kisicho na rafu hiyo. Vyombo huwekwa juu ya mkeka. Chumba kimoja kisemwacho kuwa ni chake, Taian, kingalipo hata leo kule Yamazaki, karibu na Kyoto. Upana wake ni mikeka miwili tu, na mlango wake ni mfupi, hata kila aingiaye, ajapokuwa jemadari, sharti ainame. Zamani zile mtawala Toyotomi Hideyoshi alijifanyia chumba cha chai cha dhahabu. Hicho hakipo tena.

Miongoni mwa wanafunzi wa Rikyū alikuwamo Mkristo, mkuu Takayama Ukon. Mwaka 1587 Hideyoshi alimtaka aiache imani. Akakataa, akanyang'anywa nchi yake. Mwaka 1614 akafukuzwa Japani, akaenda Manila, akafa huko mwaka 1615. Nadhani aliyezoea kuinama mlangoni na kuketi mkekani alikuwa amekwisha kujifunza kutovishika sana vitu vya dunia.

Basi, mama wa nyumba, ukiwa na meza, mshukuru Mungu, uifute vizuri. Kama huna, tandika mkeka safi, weka sinia na vikombe vilivyooshwa, nawe baba uketi pamoja na mgeni na watoto. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji aliyekopa ili aonekane, atapona lini?