Anayetangaza karata moja huwaunganisha wote

Husemwa kwenye vijiwe vya Temeke na Kinondoni kwamba karata ni bahati. Kwenye mgawo, sawa. Lakini wakikaa wanne, kila mtu kivyake, kinachoamua zaidi ni nani anaonekana tishio. Tazameni mchezo wa lasti kadi: ukibakiwa na karata moja, yaani umekaribia kushinda, lazima utangaze, na papo hapo waliokuwa wanagombana wanakuwa kitu kimoja bila hata kuambiana. Mchezo wa arbastini, wa wawili kwa wawili, hauna siasa hiyo, maana mwenzako umeshampata kabla ya karata kugawiwa.

Siasa hiyo huzidi kwenye Magic: The Gathering, mchezo wa Richard Garfield uliotoka mwaka 1993, hasa mtindo wa Commander: kwa kawaida watu wanne, kila mmoja na pointi 40 za uhai na karata 100 alizozichagua mwenyewe. Huko unampiga yeyote umtakaye. Ndiyo maana anayepanga karata za kasi, za kutisha mapema, mara nyingi huangushwa na watatu, na anayejijenga polepole hufika mbali. Wapo wanaosema mapatano ya namna hiyo kati ya wachezaji ni hila, mtu ashinde kwa karata zake. Siafiki. Nikitumia karata kumpiga mmoja, mimi na yeye tumepungukiwa, wawili waliobaki hawajatoa kitu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kujua nani umwache ili amdhibiti mwingine ni ufundi kamili. Na anayevunja ahadi hulipa, kwa sababu raundi ijayo atakaa na watu walewale.