Seva Ndogo kwa Duka Dogo



Katika safu hii tumekwisha zungumza mara nyingi juu ya daftari la mapato na matumizi, na juu ya wajibu wa mwenye duka kujua kila jioni ni nani anadaiwa na ni kiasi gani. Wiki hii tutalitazama daftari hilo hilo likiwa limehamia ndani ya kompyuta. Siku hizi duka la vifaa vya ujenzi, duka la dawa au ghala la nafaka huwa na kompyuta mbili tatu; na zikishafika mbili, huja haja ya mahali pamoja pa kuweka hesabu, ili karani wa ghala na muuzaji wa kaunta wasome kitabu kimoja. Mahali hapo ndipo paitwapo seva.

Seva si dude la ajabu. Ni kompyuta kama nyingine, ila haikaliwi na mtu. Kazi yake ni kukesha: kupokea maandishi kutoka kwa wenzake, kuyahifadhi, na kuyatoa yanapoulizwa. Kwa vile biashara nzima huitegemea, hapana budi iwe na sifa mbili: isimle mwenye duka faida yake, wala isipoteze neno lililokwisha andikwa. Wauzaji wengi hudai kwamba sifa hizi hazikai pamoja, na kwamba atakaye usalama sharti anunue mashine kubwa. Madai hayo si ya kweli, na leo tutaonyesha sababu.

Jiulize kwanza kama waihitaji

Mtu anayeuza peke yake, mwenye wadeni kumi na watano anaowafahamu kwa majina, hahitaji seva. Daftari la karatasi lamtosha, na fedha ya kompyuta na aiongeze katika bidhaa. Seva yafaa pale ambapo watu wawili au zaidi huandika hesabu za biashara moja kwa wakati mmoja, au pale ambapo kumbukumbu zikipotea, madeni ya miezi hayawezi kudaiwa tena.

Wako watakaouliza kwa nini tusiziweke hesabu hizo moja kwa moja kwenye intaneti, katika mashine za makampuni makubwa. Swali hilo ni la haki, na kwa wengine jibu ni ndiyo. Lakini tukumbuke tarehe 12 Mei mwaka 2024. Siku hiyo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Uganda yetu ikiwamo. Siku kama hizo, mwenye hesabu za mbali hukaa akimtazama mteja, hali mwenye hesabu zilizomo ndani ya nyumba yake huendelea kuuza. Tutaona baadaye kwamba intaneti inayo nafasi yake, ila si nafasi ya pekee.

Mashine ya namna gani?

Kazi ya kutunza hesabu za duka ni nyepesi mno kwa kompyuta za leo. Mwaka 2012 huko Uingereza ilitolewa kompyuta iitwayo Raspberry Pi, ya ukubwa wa kadi, kwa bei ya dola 35. Na matoleo yake ya karibuni yaweza kabisa kubeba hesabu za duka. Tahadhari yake ni moja: aghalabu huhifadhi kila kitu katika kadi ndogo ya kumbukumbu kama ile ya simu, na kadi hiyo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Anayeichagua na aifungie diski ya kweli.

Chaguo jingine, ambalo twaliona bora kwa wengi, ni kompyuta ndogo ya ofisini iliyokwisha tumika, ya ukubwa wa kitabu kinene. Dell, HP na Lenovo zote hutengeneza aina hiyo, na mafundi wetu huzifahamu. Tafuta yenye nafasi ya diski mbili. Ndani yake iwekwe programu ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Nayo haina ada ya leseni.

Mashine ndogo ina faida nyingine isiyoandikwa katika bei. Inapokuwa haina kazi kubwa, hutumia umeme wa wati 10 hivi. Kwa kuwa hukesha saa 24 kwa siku 365, hiyo ni uniti zisizofika 88 kwa mwaka. Kompyuta ya zamani ya mezani, inayotumia wati 80, itakula uniti 700 kwa kazi ile ile. Yeyote anayenunua uniti za Yaka ataona mara moja kwamba kompyuta ya zamani uliyopewa bure si ya bure.

Adui wa kwanza ni umeme

Diski inapoandika, kisha umeme ukatoweka ghafla, neno laweza kubaki nusu. Likirudiwa hilo mara nyingi, kitabu huharibika. Isitoshe, umeme hurudi kwa kishindo, na sisi tuishio kandokando ya Ziwa Viktoria twazijua radi zetu. Kwa hiyo fedha ya kwanza baada ya mashine iende kwenye betri, wala si kwenye mashine kubwa zaidi.

Hesabu yake ni rahisi. Kifaa kidogo cha UPS aghalabu huwa na betri ya volti 12 na ampia-saa 7. Zidisha, upate wati-saa 84. Betri ya namna hiyo haipendi kunyonywa zaidi ya nusu, basi tuhesabu 42. Seva ya wati 10 pamoja na ruta yake hufika wati 20 hivi. Kwa karatasi hizo ni saa mbili, na kwa vile UPS yenyewe hula sehemu, tarajia saa moja. Kompyuta ya wati 80 haifiki hata nusu saa. Hapo twaona tena ubora wa mashine ndogo. Mwenye betri ya sola ya ampia-saa 100, kwa hesabu hiyo hiyo, ana wati-saa 600 za kutumia, yaani usiku mzima na mchana wake.

Mambo matatu yasisahauliwe. Kwanza, nunua UPS yenye waya wa kuongea na seva, ili betri inapokaribia kwisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Pili, mwite fundi wa umeme akague kama waya wa ardhi wa nyumba upo kweli, kwani soketi yenye matundu matatu si ushahidi. Tatu, betri isikae juani wala karibu na jiko. Mafundi hukadiria kwamba kila joto linapozidi nyuzi 10 juu ya kiwango chake, umri wa betri ya risasi hupungua kwa nusu.

Diski mbili, na mashine ya pili

Kila diski hufa. Swali ni lini tu. Mwaka 1988, wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, waliandika juu ya utaratibu unaoitwa RAID. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu, zikipangwa kwa akili, zaweza kushinda diski moja kubwa ya ghali. Kwa duka dogo latosha umbo lake rahisi: diski mbili zinazoandikwa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine huendelea, na mteja hajui kilichotokea.

Lakini hata karani hajui, na hapo ndipo penye hatari. Duka laweza kwenda mwaka mzima kwa diski moja, likidhani lina mbili, hadi siku ya pili inapokufa. Mwambie fundi aipange seva itume ujumbe diski inapoanza kuugua, na usimlipe fedha ya mwisho kabla hajaichomoa diski moja mbele yako na ujumbe ukafika. Kadhalika, usinunue diski mbili za shehena moja. Zilizozaliwa pamoja huweza kufa pamoja.

Hoja ile ile yafaa kwa mashine yenyewe. Badala ya kununua seva moja ya ghali, nunua kompyuta mbili ndogo zinazofanana, na ya pili ikae kabatini. Ya kwanza ikiungua, diski zake huhamishiwa katika ya pili, na kaunta hufunguliwa asubuhi ile ile. Mwenye duka wa Kasese au Lira asiye na fundi mlangoni ataona thamani ya jambo hili kuliko mtu wa Kampala.

Akiba ya kompyuta huoza

Wengi huishia hapo, wakidhani diski mbili ni akiba. Sivyo. Karani akifuta orodha ya wadeni kwa bahati mbaya, hufutika katika diski zote mbili kwa nukta ile ile. Mwizi akiibeba seva, huondoka nazo zote. Vivyo hivyo kwa programu za wahalifu kama WannaCry, iliyoenea duniani Mei 2017, ikiyafungia mafaili ya watu na kuwadai fedha: hufunga kila inachoweza kukifikia.

Basi iwepo nakala isiyoshikamana na seva. Nunua diski mbili za nje. Moja ikae dukani ikipokea nakala kila usiku. Nyingine ikae nyumbani, na kila Jumamosi zibadilishane. Nakala ya tatu, ikiwa intaneti yaruhusu, itumwe mbali; na hapo ndipo nafasi yake tuliyoitaja. Diski inayosafiri mkobani ifungwe kwa neno la siri, maana ina majina na simu za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 yatutaka tuzitunze. Neno hilo la siri lijulikane na watu wawili, asiwe baba peke yake. Imekwisha tokea mjane kuachiwa mashine nzima asiweze kuifungua, na wadeni wa marehemu wakanyamaza.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, tena kimyakimya. Tarehe 31 Januari mwaka 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab, wenye ujuzi usio wa kubahatisha, alifuta kwa makosa kumbukumbu za wateja. Walipozikimbilia nakala zao za akiba, waliona kwamba njia kadhaa walizozitegemea zilikuwa hazifanyi kazi. Waliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa kwa kazi nyingine saa sita kabla yake, na yaliyoandikwa katika saa hizo sita wakayapoteza. Ikiwa hao walipatwa, duka la Mbale litasalimika vipi bila kujaribu?

Kwa hiyo, mara moja kwa mwezi, chagua faili moja, irudishe kutoka katika diski ya nje, uisome. Mara mbili kwa mwaka, itoe mashine ya kabatini, irudishie nakala yote, kisha mwambie karani atafute deni la mteja mmoja wa mwaka jana. Akilipata, andika tarehe katika daftari na urudishe mashine mahali pake. Asipolipata, umegundua siku njema, kwani seva ya kwanza bado i hai na fundi bado aweza kuitwa.

Utaratibu wa kununua

Asiyeweza kununua vyote kwa pamoja na aanze hivi: kompyuta ndogo moja pamoja na diski ya nje, kisha UPS, kisha diski ya nje ya pili, kisha diski ya pili ya ndani, na mwisho mashine ya kabatini. Msomaji ataona kwamba tumeitanguliza nakala mbele ya betri. Mashine iliyoungua hununuliwa nyingine, ila orodha ya wadeni haiuzwi popote.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutazungumzia namna ya kuandika mkopo ili mdeni asiweze kuukana.