Ncha ya Sindano Ionekane: Altrasaundi na Katheta ya Mshipa Mkuu

Mkazi wa Kamunyonge, katika Manispaa ya Musoma, anayehitaji upasuaji mkubwa ana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mara, Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, iliyoko Kwangwa. Tatizo likihitaji ubingwa wa juu zaidi, safari ni ya kwenda Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kupitia Bunda. Umbali huo una maana yake: dhara ambalo jijini lingerekebishwa kwa saa moja, mkoani laweza kuwa suala la uhai. Ndiyo sababu namna ya kuweka katheta ya mshipa mkuu haipaswi kuachwa iwe mjadala wa mabingwa peke yao.

Katheta hiyo ni mpira mwembamba unaopitishwa kwenye vena kubwa ya shingoni, chini ya mtulinga au kwenye kinena. Si kila anayepasuliwa anaihitaji. Huwekwa pale mishipa ya mikono inapokosekana, pale zinapohitajika dawa kali za kupandisha presha zinazoweza kuunguza mishipa midogo, au kwa usafishaji wa damu. Njia ya kuiweka ilielezwa na Seldinger mwaka 1953, nayo ni ile ile hadi leo: sindano huingia kwenye mshipa, waya hupitishwa ndani ya sindano, sindano hutolewa, njia hupanuliwa, kisha katheta hufuata waya.

Kwa miaka mingi mtabibu aliongozwa na vidole vyake: alipapasa misuli ya shingo, akasikiliza mapigo ya ateri, akachoma pembeni yake. Lakini shingo za watu hazikufyatuliwa kwa kalibu moja. Kwa baadhi yao vena imelala juu ya ateri. Kwa wengine ni nyembamba au imeziba kwa damu iliyoganda. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya tafiti 35 zenye wagonjwa zaidi ya 5,000, yalionesha kuwa kwa vena ya shingoni, altrasaundi ilipunguza madhara kwa jumla kwa asilimia 71 na kuchoma ateri kwa bahati mbaya kwa asilimia 72. Mbele ya takwimu hizo, kusema kwamba vizazi vilivyopita viliweza bila mashine si hoja ya kutosha.

Swali lililobaki ni altrasaundi itumike vipi. Wapo wanaotazama mshipa, wakaweka alama kwenye ngozi, kisha wakachoma bila kutazama tena. Hiyo ni afadhali kuliko kukisia, ila mgonjwa akigeuza shingo kidogo alama hubaki na mshipa huhama. Iliyo bora ni kutazama sindano wakati wote inapoingia.

Hapo napo pana njia mbili. Ya kwanza huuonesha mshipa kwa upana: vena na ateri huonekana kama duara mbili jirani, vena ikibonyea inapokandamizwa na ateri ikidunda. Ni rahisi kwa anayejifunza, lakini ina mtego: nukta inayong'aa yaweza kuwa kiwiliwili cha sindano, huku ncha imekwisha kupenya ukuta wa nyuma. Ya pili huuonesha mshipa kwa urefu, na sindano yote huonekana; ila mkono ukiteleza kidogo tu, picha yaweza kuhamia kwenye ateri bila mtabibu kutambua. Tafiti zilizolinganisha njia hizi shingoni hazijatoa mshindi wa wazi.

Kwa hospitali ya mkoa, basi, busara ni kuziunganisha badala ya kuzishindanisha. Mtabibu achome akiutazama mshipa kwa upana, akiifuata ncha hatua kwa hatua. Waya ukishaingia, ageuze picha na kuutazama kwa urefu, ahakikishe umo ndani ya vena kabla hajagusa kipanuzi. Hatua hii ya mwisho huchukua sekunde chache, nayo ndiyo isiyopaswa kurukwa kamwe. Tundu la sindano nyembamba kwenye ateri mara nyingi huzibwa kwa kukandamiza; tundu la kipanuzi laweza kuleta kiharusi au kumhitaji bingwa wa mishipa ya damu, ambaye huenda yuko mbali.

Wapo watakaosema mashine ni ghali na umeme hukatika. Ni kweli, lakini mashine nyingi za altrasaundi tayari zimo hospitalini kwa ajili ya wajawazito. Kinachopungua mara nyingi ni kichwa bapa cha kutazamia mishipa ya juujuu, kwa kuwa kile cha mviringo cha tumboni hakifai sana shingoni, pamoja na mifuko safi ya kukifunika na muda wa mafunzo. Hayo yaingizwe kwenye bajeti kabla ya kufikiria mashine mpya. Ufundi wa vidole nao uendelee kufundishwa kwa siku ambayo mashine haipo.

Altrasaundi, hata hivyo, haiui vijidudu. Kazi iliyofanyika Michigan, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2006 ilionesha kuwa maambukizi hupungua sana kwa mambo ya kawaida: kunawa mikono, kujifunika kikamilifu, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka kinena inapowezekana, na kuitoa katheta isiyohitajika tena.

Mgonjwa na ndugu zake nao wana nafasi yao. Ikiwa si dharura, wana haki ya kuuliza: katheta hii ni ya nini, itawekwa kwa kutazama mshipa, na itatolewa lini? Swali la tatu muuguzi aliulize kila asubuhi, hata kama mgonjwa amesahau kuuliza.