Kunyamaza kituoni si kosa

Ukikamatwa leo, Nairobi au Lodwar, afisa hana budi kukueleza upesi, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukukamata. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinakupa pia haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia siku ambayo korti imefungwa, husubiriwa siku inayofuata ya kazi. Ndiyo maana wa Ijumaa jioni hulala ndani hadi Jumatatu.

Wengi wetu tukiulizwa swali na aliyevaa sare hujibu mbiombio, tukidhani kimya kitatutia hatiani. Sivyo. Sheria ya Ushahidi haikubali hata ungamo lililotolewa mbele ya afisa anayechunguza kesi hiyo. Taja jina lako kwa heshima, usizozane, kisha omba wakili. Bondi ya polisi hailipiwi. Ukiachiliwa kwa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti.

Tunaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi ibandike kifungu hicho, kwa Kiswahili chepesi, penye meza ya kuandikishia mahabusu katika kila kituo.