Mficha Maradhi, Kifo Humuumbua

Wewe kijana unayesoma gazeti hili kijiweni, hebu fikiria umewekewa mrija kifuani, unalala nao, unaoga nao, mwaka hadi mwaka. Ukichomoka, roho iko mashakani. Ukiingiza vijidudu, roho iko mashakani vilevile.

Hayo ndiyo maisha ya wagonjwa wa presha ya mishipa ya mapafu wanaotumia epoprostenol. Dawa hii iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995 huisha nguvu mwilini kwa dakika chache. Kwa hiyo pampu ndogo huisukuma usiku na mchana hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Baadaye ikaja treprostinil, ambayo hukaa mwilini kwa saa kadhaa. Nafuu? Subiri kwanza.

Mwaka 2007 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilianika hesabu hadharani. Katika vituo saba, kati ya 2003 na 2006, maambukizi ya damu kwa kila siku 1,000 za matibabu yalikuwa 0.43 kwa epoprostenol na 1.11 kwa treprostinil. Zaidi ya mara mbili!

Mchawi nani? Uchafu wa mgonjwa? Tusidanganyane. Maji ya kuchanganyia epoprostenol yalikuwa na ukali kama wa magadi, bakteria hawakustawi humo. Ya treprostinil hayakuwa na ukali huo. Tena watafiti wakanyooshea kidole maji ya kuoga, yanayopenya pale mrija unapounganishwa.

Dawa yake ikawa nini? Kiungio kinachojifunga chenyewe, na kukifunika vizuri kisilowe! Mwaka 2009 watafiti wa Denver walieleza kwamba kwa njia hiyo maambukizi yalishuka sana kwa watoto waliotumia treprostinil.

Sasa nisikilizeni. Ushindi huo haukuletwa na hotuba ya kigogo. Uliletwa na watu waliohesabu wagonjwa wao, wakakubali aibu ya kutangaza walichokiona. Takwimu zile zingefungiwa kabatini, mgonjwa angeendelea kuambiwa hanawi mikono.

Kwa hiyo siku mzee wako akilazwa na kuwekewa mrija, usisimame pale kama gogo. Uliza kwa heshima: hapa wangapi wamepata maambukizi ya mrija mwezi uliopita? Nani anahesabu? Matokeo yanabandikwa wapi?

Wakikujibu "hiyo ni siri ya ofisi", jua mficha maradhi ni nani. Ila kifo kitakachomuumbua hakitakuwa chake. Kitakuwa cha mzee wako.